Mama, Mikono Mbali na Kompyuta

Mwanangu Shabani,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda kuaga. Ninavyomjua baba yako, kila nyumba mtakayopiga hodi mtakaa, na ninavyowajua wazee wa hapa, kila mmoja atataka dua yake iwe ndefu kuliko ya jirani. Hamrudi leo kabla ya isha. Basi nimepata nafasi. Nimevuta kiti, nimekaa mezani, na mbele yangu ipo kompyuta yako. Nimeisogeza mpaka ukutani ili isinitie kishawishi. Sababu utaiona mbele ya safari.

Salamu naziruka. Asubuhi umeniamkia nimekuitikia, na kesho utaniamkia tena kabla hatujateremka Somanga kungoja basi. Tukianza kupeana shikamoo kwenye karatasi tutajichekesha bure. Mambo ya kula, kuvaa, kuamka mapema na marafiki wa kuwakimbia nayo naruka, maana baba yako amekuhutubia wiki nzima, na nimekuona unavyoitikia "ndiyo baba" huku kidole gumba kinatembea kwenye simu. Mimi nina jambo moja tu, la leo mchana. Bado mwili unanisisimka. Nimechemsha chai nikaimimina kikombeni, ndipo nikaona ni maji matupu, majani sikutia.

Mwanangu, umeifungua! Umeifungua na imewaka!

Lakini ngoja nianzie mwanzo. Wewe ulikuwepo, najua, ila ulikuwa umeinamia skrubu. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, na niliyoyaona mimi hukuyaona.

Mjomba wako wa Rasbura, kule Lindi, alipokuletea kompyuta hii, ulipomaliza shule, nyumba nzima tuliipokea kama mgeni. Baba yako aliitandikia kitambaa cha mezani, kile cha sikukuu. Ilikuwa imeshatumika ofisini kwa watu, herufi nyingine zimefutika, lakini ilikuwa inawaka, na kwetu hiyo ilitosha. Shida ilianza ulipochaguliwa kwenda Dodoma kusomea upimaji wa ardhi. Wakasema kila mwanafunzi aje na kompyuta inayoweza kubeba programu ya ramani. Ukaiweka hiyo programu, ukaibonyeza, kale kaduara kakaanza kuzunguka. Mimi nikabangua korosho sinia zima, nikainua kichwa, kaduara bado kanazunguka. Ramani ikija inakuja nusu, kisha kompyuta inaganda, unabana kitufe mpaka izimike, unaanza upya. Nilikuona usoni. Kununua nyingine halikuwa jambo la kuzungumza nyumba hii. Ilikuwa ama hii ipone, ama uende chuo ukawe mtu wa kuazima za wenzako wakiwa wamelala.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya mashine yangu. Kijijini wameicheka mpaka wamechoka. Hata sasa watu wakiniona na mashine mgongoni huniuliza, "Mama Mashine, leo unapulizia mikorosho au kompyuta?" Lakini mimi na wewe hatujawahi kuizungumza vizuri.

Mwaka jana feni ya kompyuta yako ilikuwa inanguruma. Ulikuwa shambani na baba yako. Nikasema, mtoto akirudi aikute imepona. Vumbi ni vumbi, dawa ya vumbi ni upepo, na upepo mimi ninao. Kazi yangu si ndiyo hiyo, kubeba mashine msimu mzima nikipuliza salfa, ile dawa ya unga wa njano, kwenye maua ya mikorosho ya watu? Tangi lilikuwa tupu. Nililitazama kwa macho yangu mawili. Nikaiweka kompyuta barazani, nikavuta kamba, mashine ikaitika, nikaelekeza bomba kwenye yale matundu ya pembeni. Kilichotoka, mwanangu, ni salfa yote ya msimu uliopita iliyokuwa imejificha ndani ya bomba. Uliporudi uliikuta kompyuta yako ya njano kama samaki aliyepakwa manjano tayari kwa kukaangwa, na mama yako wa njano pembeni yake.

Ukaisafisha kwa mswaki siku nzima. Ikawaka, alhamdulillahi, ingawa mpaka leo ikipata moto inanukia shamba. Jioni ile ndipo uliponiambia kwa sauti ya chini, "Mama, kuanzia leo, mikono mbali na kompyuta." Mimi nikacheka. Wewe hukucheka.

Ningekuwa nimeharibu kompyuta tu, ningelala usingizi wangu. Kitu kingine nilichokiharibu nilikiona baadaye. Tangu siku ile ukawa mtu wa kutogusa. Tochi ikizima unaniletea mimi, wewe uliyekuwa ukiifungua redio ya babu yako ungali huna meno ya mbele! Kitasa kikilegea unasema aitwe fundi. Nikitandaza vyuma vya mashine yangu uani, unazunguka nyuma ya nyumba usivikaribie. Nikajisemea, hofu hii mimi ndiye niliyeipanda. Iliniuma, Shabani. Inauma kumwona mtoto wako anakiogopa kitu ambacho wewe mwenyewe kinakupa raha kuliko karibu vyote.

Maana mimi kufungua vitu ni raha yangu, hilo unalijua. Ambalo hulijui vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo, ni jinsi raha hiyo ilivyonitia adabu.

Mashine yangu ya kwanza iligoma katikati ya msimu, maua yamefunguka, kila mtu anataka salfa leo, si kesho. Nilijua ni plagi, ile inayotoa cheche. Na kweli ilikuwa plagi, hapo sikukosea. Nikateremka Somanga nikachukua plagi iliyofanana na yangu. Nasema iliyofanana, maana ile ya zamani niliiacha nyumbani kwa haraka zangu. Nilipoichomeka ikaingia kidogo, ikagoma. Mtu mwenye akili hapo angeitoa akaitazama. Mimi nikatafuta spana yenye mpini mrefu. Nikakaza mpaka ikaingia, na ilipoingia ilikula nyuzi zote za tundu lake, ikawa haishiki tena. Nikaharibu injini nzima kwa kuwa na nguvu nyingi na subira kidogo.

Nilikuwa nimemwahidi Bibi Zuhura, yule aliyekuwa akikaa upande wa njia ya Kipatimu, kwamba shamba lake ndilo linalofuata. Mashine ikapelekwa Lindi, ikakaa huko. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa maua ya mikorosho, haukuingoja. Maua ya bibi yakawa meupe, yakawa meusi, yakapukutika. Nikaenda kumwomba radhi. Nilikwenda na maneno mengi, nikamweleza habari za plagi, habari za nyuzi, habari za duka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mashine ilikuwa yako, mwanangu. Lakini maua yalikuwa yangu." Kisha akaniletea maji ya kunywa.

Sijawahi kugombezwa vile, na yule mama hakupandisha hata sauti.

Baada ya hapo nikaingiwa na woga kama huo wako. Msimu uliofuata mashine ikapungua nguvu kidogo tu, nikaipakata kwenye basi mpaka Lindi, nimeapa sifungui tena kitu duniani. Fundi akatoa chujio la hewa, akaligonga pajani, vumbi likamwagika, akalirudisha. Akavuta kamba, mashine ikaitika. Nikamuuliza, "Ndiyo hivyo tu?" Akasema, "Ndiyo hivyo tu, mama." Nilirudi nimeipakata tena, nikicheka peke yangu mpaka jirani yangu kwenye kiti akasogea dirishani. Kwa Bibi Zuhura nilifungua bila kujua, na safari hii nilikataa hata kujua. Nikaona afadhali niijue mashine hii kama ninavyomjua mwanangu. Nilianza jioni ileile, na ndivyo nilivyopata hili jina la Mama Mashine.

Sasa unaelewa kwa nini wiki hizi mbili tatu nimekuwa nikikutazama kwa kuiba.

Yule kijana wa duka la simu pale Somanga aliposema, "Hiyo inataka kuongezwa memori tu," mimi nilitaka tuiagize saa ileile. Wewe ukasema, "Mama, subiri kwanza tujue." Nilitamani nikuchape na nikubusu kwa pamoja. Ukafungua mle kompyuta inamojionyesha inavyotumia nguvu zake, ukaniita nione. Programu ya ramani ikiamka tu, memori inajaa mpaka juu, huku diski imekaa inangoja. "Ingekuwa diski ndiyo inayochelewesha," ukaniambia, "hata tungeongeza memori isingesaidia." Nilijifanya sikuvutiwa sana. Nilikuwa nakaribia kupiga makofi.

Ukampigia fundi wa kompyuta wa Lindi. Akakuhoji kama daktari wa watoto anavyomhoji mama. Chini kuna kakifuniko? Kapo. "Basi una bahati," akasema, "maana nyingine memori yake imechomelewa kwa risasi kwenye bodi, ile hata mimi namwachia aliyeiumba." Akataka umsomee namba iliyobandikwa chini, ukamsomea. Akasema ina nafasi mbili, moja bila shaka iko wazi, na inachukua memori ya aina ya tatu. Ya aina ya nne haiingii hata ukiipigia nyundo. Hapo nikaikumbuka plagi yangu, nikainuka nikaenda kufagia.

Mjomba wako akaitafuta Lindi hiyo ya aina ya tatu, akaituma na kondakta ndani ya boksi la sabuni. Fundi naye alikuwa tayari kuiweka, lakini kazi zilimjaa, alisema mje wiki ijayo. Wiki ijayo wewe utakuwa darasani. Basi mpaka leo mchana boksi la sabuni liko mezani, na kompyuta iko mezani, hazijakutana.

Baba yako akasema, "Iache iende hivyohivyo. Inajikokota, lakini ni hai. Huko Dodoma mafundi hawakosekani." Maneno ya busara, simlaumu, ningekuwa mtu mwingine ningeyasema mimi. Ukamjibu, "Lakini baba, wiki ya kwanza tu tunaanza na ramani." Ukakaa. Ukalifungua boksi la sabuni, ukalifunga. Kisha ukanigeukia.

"Mama, ikifa je?"

"Ikifa tutaizika," nikasema, nikacheka. Nikaona hucheki, nikaacha.

Nilikuwa na majibu, Shabani. Nilikuwa nayo tele, yamejipanga mdomoni. Lakini nilijua nikisema fungua, utafungua kwa ajili yangu, na ikifa nitakuwa nimekuulia kitu cha pili. Na nikisema acha, huenda ungeacha maisha yako yote. Nikauma ulimi mpaka nikaonja chumvi. Nikasema, "Kompyuta ni yako, baba," na nilipolisema hilo nikamsikia Bibi Zuhura ndani yake.

Ukasoma tena maelezo ya fundi kwenye simu. Ukayasoma mara ya pili. Halafu ukasema maneno ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hayo sitayasahau.

"Mama, niletee kanga ya mashine."

Ile kanga yangu ya maua makubwa, ambayo maandishi yake yameliwa na petroli, kazi yake nyumba hii ni moja tu, kupokea vyuma. Kila skrubu inalala kwenye ua lake, kwa mpangilio wa mahali ilipotoka. Ya kona inalala ua la kona, ya katikati ua la katikati, na kilichotoka mwisho kinarudi mwanzo. Sijakufundisha hata siku moja. Lakini uliitandaza mezani, ukazivuta pembe mpaka zikanyooka, ukaipangusa kwa upande wa mkono. Vilevile ninavyofanya mimi! Kumbe muda wote ule ulipokuwa unazunguka nyuma ya nyumba, jicho ulikuwa umeliacha uani.

Nikakimbia kunawa mikono kwa sabuni. Mabibo yameanza kuanguka na utomvu wake mikononi unaujua. Ukaniuliza, "Mama, unanawa ya nini? Si unashika tochi tu?" Nikakwambia tochi nayo ina heshima zake.

Ukazima, ukachomoa chaji, ukatoa betri. Fundi alikuwa amekwambia ushike chuma kwanza, ili ule umeme mdogo wa mwilini uondoke usije ukaiunguza memori. Ukaangaza macho chumbani kutafuta chuma. Kulikuwa na kitanda, kulikuwa na nondo za dirisha. Ukaenda kwenye kona ile ukaishika injini ya mashine yangu kwa kiganja chote. Ulikuwa hujaigusa tangu ile siku ya njano. Wewe ulifanya kama si kitu. Mimi nilikuwa nimeshika tochi na mwanga ulikuwa unacheza ukutani, ukadhani nimechoka mkono.

Baba yako hakuweza kuvumilia. Kifuniko kilipolia "kra" akasema anakwenda kuangalia kuku.

Ukaitoa memori kwenye boksi, ukaishika pembeni kwa ncha za vidole, yale meno yake ya dhahabu hukuyagusa. Ukailaza kwenye nafasi yake, ukaibonyeza, ukarudisha kifuniko na skrubu mbili za kushikiza, ukarudisha betri. Bismillahi. Ukabonyeza kitufe. Taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi.

Tukangoja. Cheusi.

"Nimeiua," ukasema.

Mikono yangu ilishaondoka, naapa sikuituma. "Mama," ukasema, bila kuinua kichwa. Nikairudisha. Nikaikalia kabisa, huu chini ya paja hili na huu chini ya lile, tochi nimeibana kwapani. Kichwani nilikuwa najua kilichotokea kama ninavyojua njia ya kwenda shambani. Ilikuwa ni sekunde chache tu za kuinuka, kusukuma, na kukukabidhi kompyuta nzima. Kufunga mdomo nimewahi kufunga, ijapokuwa kwa nadra, lakini kukalia mikono yangu ilikuwa mara ya kwanza. Nikauliza swali moja.

"Ulipoibonyeza, ilisema ta?"

"Ilisema nini?"

"Ta. Kitu kikikaa mahali pake husema."

Ukafikiri. "Haikusema."

Ukazima, ukafungua tena, ukatoa betri, ukaenda kona ile ukashika mashine tena bila kukumbushwa, ukarudi. Ukaitoa memori, ukaitazama, hukutafuta nguvu wala mpini mrefu. Ukaiinamisha kidogo, ukaisukuma mpaka ndani kabisa, ndipo ukaibonyeza chini. Ta! Baba yako anasema aliisikia mpaka kwenye banda la kuku, na leo sibishani naye.

Kioo kikawaka. Wallahi kikawaka, na kompyuta ikasema yenyewe kwamba imeiona memori mpya. Unajua nilichofanya, kijiji kizima kinajua nilichofanya. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma, na jirani yetu Mama Asha akaja mbio na kanga ya kichwani mkononi, anauliza, "Kuna nini? Nani kajifungua?" Baba yako kutoka kwa kuku akamjibu, "Kompyuta!"

Ukafungua ramani. Kale kaduara kakazunguka kidogo, kakaona haya, kakaondoka. Ikaja picha iliyopigwa kutoka juu. Ukaivuta, nikaiona barabara ya lami. Ukaivuta, nikaiona Somanga na njia yetu inayopanda. Ukaivuta tena, nikaiona mikorosho imepangwa mistari kama vitone vya mshono, na katikati bati letu linang'aa. Ukaweka kidole. "Mama, hapa ndipo ulipo." Sijawahi kujiona kutoka juu. Nilitaka nitoke nje nipunge mkono.

Mama Asha akataka kuonyeshwa la kwake, na la shemeji yake, na msikiti, na kisima, ukamwonyesha vyote, unacheka, na mikono yako haikutulia. Ulikuwa unabonyeza kila mahali. Yule mtoto asiye na meno ya mbele alikuwa amerudi, amekaa mezani kwangu ana ndevu. Nina furaha, Shabani. Sina namna nyingine ya kulisema. Kesho ukipanda basi nitalia, hilo lipo palepale, lakini usinitazame machozi ukadhani ni huzuni tupu.

Sikupi usia, baba yako ana akiba ya kutosha ya huo. Ninalotaka ulijue ni kwamba kilichonipa raha leo hakikuwa kufungua peke yake. Ni kule kuuliza kwanza, wiki zote hizi, wakati mimi nawaka moto kwa haraka. Hilo hukulitoa kwangu. Na ipo siku utaharibu kitu, maana utaharibu, hakuna mwenye mikono asiyeharibu. Siku hiyo, kabla hujaanza kueleza habari za plagi, tazama kwanza maua yalikuwa ya nani. Mimi nilichelewa kulitazama, na Bibi Zuhura alifariki nikiwa bado natafuta namna ya kulisema vizuri.

Sasa ile sababu ya kuisogeza kompyuta ukutani.

Nimeamua uende na ile kanga. Mimi nitatafuta nyingine, zimejaa sandukuni. Mlipotoka tu nikaichukua niikunje nikutilie kwenye begi, nikagusa kitu kigumu ndani ya mkunjo, kwenye ua la kona. Skrubu. Moja, ndogo kama punje ya uwele. Katika zile shangwe wewe ulirudisha zote ulizoziona, na hii ilikuwa imejificha, na kwa ua ililolalia najua kabisa tundu lake: kona ya nyuma, upande wa kushoto.

Bisibisi iko hapa. Kompyuta iko hapa. Wewe uko kwenye dua. Ni kuigeuza na kuzungusha mkono mara chache, na usingejua kamwe. Mikono inaniwasha kama nimeshika maganda ya korosho mbichi. Nimeinuka nikakaa, nimeinuka nikakaa. Ningeweza kujiambia kwamba ni mapenzi, mama anammalizia mwanawe kazi kabla ya safari. Lakini hata siku ile ya salfa yalikuwa mapenzi.

Basi nimeifunga kwenye pindo la kanga, kwa lile fundo langu ninalofungia vitu nisivyotaka vipotee. Kifuniko kimeshikwa na zile nyingine, hakitaanguka njiani. Ukifika, ukishapata mahali pako pa kukaa, itandaze kanga, fungua fundo, umalizie kazi yako. Kompyuta ikipata moto itanukia shamba, na wenzako wakiuliza ni harufu gani hiyo, waambie ni mama yako.

Sijaigusa, mwanangu. Hata pale ukutani nimeisogeza kwa kiwiko.

Mama yako